Taifodi Kidogo, Brusela Kidogo

Karatasi yenyewe ni ndogo, nusu ukurasa wa daftari, imepigwa muhuri pembeni. Juu kuna jina, umri na tarehe. Chini yake, kwa kalamu, kuna herufi na tarakimu: O 1:160, H 1:80, kisha mstari mwingine wa Brucella wenye alama ya kujumlisha. Kaa kwenye njiapanda ya Kamukuywa, pale magari ya Kitale na Webuye yanapopishana na bodaboda zinazopanda kuelekea Mlima Elgon, uwaulize watu wanaugua nini. Hukawii kusikia jibu ambalo Kenya magharibi nzima inalijua: "Nimepimwa, niko na taifodi kidogo na brusela kidogo."

Magonjwa haya mawili siku hizi hutembea pamoja. Mtu anaumwa na kichwa, maungo yanauma, usiku anatoka jasho, chakula hakipiti. Anapimwa malaria, haionekani. Zamani angepewa dawa ya malaria hata hivyo, lakini tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipohimiza kila homa ipimwe kabla ya kutibiwa, wagonjwa wasio na malaria wamekuwa wengi mbele ya macho ya madaktari, na kila mmoja anataka jina la ugonjwa wake. Jina linapatikana katika chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Analipa, anasubiri nje kwenye benchi, anaitwa. "Mama, malaria hakuna. Ila taifodi iko, na brusela imeanza." Anaondoka na bahasha ya vidonge, pengine na sindano za siku tano. Miezi mitatu baadaye anarudi na homa nyingine, na karatasi inatoka na tarakimu zile zile.

Ninachotaka kusema nitakisema mapema. Katika safari yote ya damu ile, kutoka mkononi mwa mgonjwa hadi kwenye karatasi, hakuna aliyemwona bakteria. Hakuna aliyemtia rangi akamtazama, hakuna aliyemkuza. Jina limetolewa kwenye dalili ya mbali, kisha likaandikwa kana kwamba mhalifu amekamatwa na mali ya wizi mkononi.

Tuingie ndani ya chumba kile. Mezani kuna kigae cheupe chenye miduara. Mtaalamu wa maabara anatoa chupa ndogo za kudondoshea. Ndani yake mna bakteria waliokufa kitambo, waliouawa na kutiwa rangi kiwandani, mara nyingi buluu kwa chupa za O na nyekundu kwa za H. O ni sehemu ya ngozi ya nje ya bakteria aitwaye Salmonella. H ni ya mikia anayoogelea nayo. Anachukua tone la maji ya damu, yale ya manjano yanayobaki juu baada ya chembe nyekundu kutuama, anayaweka kando ya tone la rangi, anayachanganya kwa kijiti, kisha anakishika kigae na kukiyumbisha polepole chini ya taa kwa dakika moja hivi. Kama damu ina kingamwili zinazowatambua bakteria wale, rangi iliyokuwa laini inaanza kukatika na kufanya punje, kama maziwa yanayoanza kuganda. Baadaye maji ya damu yanazimuliwa, mara 20, mara 40, mara 80, mara 160, ili ionekane punje zinakomea wapi. Ndiyo ile 1:160. Si idadi ya vidudu, wala si kiasi cha ugonjwa. Ni kiasi ambacho damu imeongezwa maji na bado ikaweza kugandanisha rangi ya chupa.

Kipimo hiki kilitangazwa na Mfaransa Georges-Fernand Widal mwaka 1896, na kwa wakati wake kilikuwa maarifa makubwa. Lakini kinachopimwa ni kumbukumbu ya mwili. Mwili uliowahi kupambana na Salmonella miaka miwili iliyopita bado una kumbukumbu hiyo. Salmonella wenyewe ni ukoo mkubwa, aina zaidi ya 2,500 zimekwisha kutambuliwa, na nyingi zinagawana hizo O na H na yule wa taifodi. Hata homa nyingine kabisa, malaria ikiwemo, zinaweza kuamsha kingamwili zikagandanisha rangi. Kwa hiyo waliokitumia kwa makini walichukua damu mara mbili, siku kadhaa zikipita katikati, wakatazama kama kingamwili zimepanda mara nne au zaidi. Ni nani pale njiapandani aliyewahi kuambiwa aende nyumbani bila dawa, arudi baada ya siku kumi, apimwe tena? Sijakutana naye.

Kuhusu brusela, ushahidi uko jirani. Mwaka 2017 William de Glanville na wenzake walichapisha utafiti kutoka Busia, mwendo wa saa chache tu kutoka Kamukuywa. Walichukua damu za mamia ya wagonjwa wa homa waliofika hospitalini, wakazipima kwa zile chupa za rangi ambazo hospitali zilikuwa zikitumia kila siku. Takriban mgonjwa mmoja katika kila watano alionekana ana brusela. Damu hizo hizo zilipopimwa kwa kipimo cha kuaminika zaidi, idadi ilishuka hadi chini ya mmoja katika kila mia. Tafakari hesabu hiyo. Tiba ya brusela si vidonge vya siku tatu. Ni wiki sita za doksisaiklini pamoja na dawa nyingine, mara nyingi rifampisini. Na rifampisini ndiyo mhimili wa tiba ya kifua kikuu. Mtu asiye na brusela, lakini mwenye kifua kikuu kilichojificha, akinywa rifampisini bila zile dawa nyingine za kukilinda, anawafundisha bakteria wa kifua kikuu kuizoea. Hapo ndipo kosa la kigae linapoacha kuwa la mfukoni tu.

Ajabu ni kwamba jina la brusela, lile linaloandikwa kwa haraka sana siku hizi, lilipatikana kwa taabu kubwa, na historia yake inaonyesha jinsi macho yanavyoweza kudanganyika hata yakiwa kwenye hadubini.

Mwaka 1887, David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza aliyekuwa Malta, alimpata bakteria kwenye mabandama ya askari waliokufa kwa homa isiyoisha. (Ndiye Bruce yule yule aliyekuja Uganda mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale.) Alipomtazama, alimwona mdogo na wa mviringo, akamweka katika kundi la bakteria wa duara. Miaka kumi baadaye, 1897, Bernhard Bang wa Denmark alimpata bakteria kwa ng'ombe waliokuwa wakitupa mimba. Yeye alimwona kama kijiti, akamweka katika kundi la vijiti. Wakati huo kundi la bakteria liliamuliwa kwa umbo kwanza. Ferdinand Cohn, mtaalamu wa mimea wa Breslau, ndiye aliyeupanga utaratibu huo mwaka 1872: wa duara, wa kijiti, wa mzunguko. Basi homa ya askari ikawa ya ukoo mmoja na kutupa mimba kwa ng'ombe kukawa kwa ukoo mwingine, na hakuna aliyeona sababu ya kuyaweka magonjwa hayo mawili kwenye meza moja. Themistocles Zammit, daktari Mmalta, aligundua mwaka 1905 kwamba askari walikuwa wakipata homa yao kutoka kwa mbuzi. Mwaka uliofuata askari walipokatazwa maziwa ya mbuzi, homa ikapungua kwa kasi. Lakini ng'ombe aliachwa kando.

Aliyeliunganisha jambo ni Alice Evans, mwanamke aliyekuwa akifanya kazi ya maziwa katika wizara ya kilimo ya Marekani. Aliwachukua bakteria hao wawili, akawalinganisha kwa kila kipimo alichokuwa nacho: chakula wanachokula, asidi wanayotoa, jinsi wanavyogandana na damu. Akaona kwamba ukiondoa umbo, hawatofautiani kwa lolote la maana. Na umbo lenyewe lilikuwa la kubishaniwa, kwa sababu bakteria huyu ni kijiti kifupi mno kiasi kwamba mmoja humwona duara na mwingine humwona kijiti. Alichapisha matokeo yake mwaka 1918. Wakubwa hawakumwamini. Hakuwa na shahada ya udaktari, alikuwa mwanamke, na alikuwa akisema kwamba maziwa mabichi ya ng'ombe yanayouzwa mijini yanaweza kumtia mtu ugonjwa. Miaka ya 1920 ushahidi ukajaa kutoka nchi nyingine, na wawili wale wakawekwa chini ya jina moja, Brucella. Evans mwenyewe aliambukizwa maabarani mwaka 1922, akaugua kwa vipindi kwa miaka mingi. Kwa muda madaktari walimwona ana tatizo la mishipa ya fahamu tu, kwa kuwa kidudu hakikuonekana. Mwaka 1928 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wataalamu wa bakteria cha Marekani.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu kwetu mambo yamegeuka. Evans alikuwa na brusela halisi, akaambiwa hana. Hapa watu wengi hawana, wanaambiwa wanayo.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu ng'ombe. Kaunti hizi za chini ya Elgon zina ng'ombe wa gredi karibu kila boma, na maziwa husafiri kwa mitungi kwenye baiskeli na pikipiki kila alfajiri. Brucella anaweza kuwa ndani ya maziwa hayo. Kwa kushika kondo au ndama aliyetoka kabla ya wakati, mfugaji anaambukizwa kwa mikono yake mwenyewe. Lakini maziwa mengi ya hapa huishia kwenye sufuria ya chai, yanachemka pamoja na majani na sukari hadi yanafurika, na hakuna Brucella anayevuka moto huo. Hatari imebaki kwenye maziwa mala yanayogandishwa mabichi, na kwenye zizi siku ng'ombe anapotupa mimba. Katika muongo uliopita taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI iliendesha mradi uliofuatilia magonjwa ya aina hii katika masoko ya mifugo, vichinjio na hospitali za kaunti za Busia, Bungoma na Kakamega, kwa sababu hiyo hiyo: ugonjwa wa zizini na ugonjwa wa wodini ni mmoja.

Sasa turudi kwenye rangi. Bakteria akiwa peke yake chini ya hadubini ni kama hayupo. Hana rangi, mwanga unampita. Sayansi yote ya bakteria ilianza kusonga pale watu walipochukua rangi za viwanda vya nguo vya Ujerumani na kuwatia nazo.

Hans Christian Gram, daktari kijana kutoka Denmark, alikuwa Berlin mwaka 1884 akifanya kazi na Carl Friedländer kwenye chumba cha maiti cha hospitali ya jiji. Alikuwa akitazama vipande vya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia, akitafuta njia ya kuwatenga bakteria na nyama iliyowazunguka. Alitia zambarau, akafuatisha iodini, kisha akaosha kwa spiriti. Nyama ikapoteza rangi. Baadhi ya bakteria wakabaki na zambarau yao. Wengine wakaipoteza kama nyama. Gram aliona hilo kama upungufu wa njia yake, na alipoichapisha alikiri kwamba ina kasoro nyingi, akatumaini wengine wangeifaidi. Leo hakuna maabara ya bakteria duniani isiyoitumia.

Njia yenyewe inaweza kufanywa Kamukuywa bila umeme. Usaha, mkojo uliozungushwa, au maji ya uti wa mgongo yanapakwa kwenye slaidi, yanaachwa yakauke, slaidi inapitishwa juu ya moto mara mbili tatu ili vitu vishike kioo. Unamwaga zambarau, unahesabu dakika moja, unaosha kwa maji. Zambarau hiyo ni ya ukoo mmoja na ile GV ambayo kila mama aliyewahi kuwa na mtoto mwenye utando mdomoni anaijua, ile inayochafua shati na haitoki. Unamwaga iodini, dakika nyingine. Kisha inakuja hatua inayomtenga fundi na mwanafunzi: spiriti. Sekunde chache tu. Ukizidisha, hata wanaostahili kubaki zambarau wanaoshwa. Ukipunguza, kila kitu kinabaki zambarau na hujajua lolote. Mwisho unatia rangi nyekundu ya safranini ili wale waliopoteza zambarau wapate kuonekana. Unatia tone la mafuta, unashusha lenzi ya mara 100, unatazama.

Wenye zambarau wana ukuta mnene wa nje, tabaka juu ya tabaka, na iodini imeifunga rangi humo. Waliogeuka wekundu wana ukuta mwembamba uliofunikwa na utando wa mafuta, na spiriti imeutoboa utando huo. Tofauti hii ina maana hata kwa dawa: utando wa nje wa wekundu huzuia dawa nyingi kuingia. Ndiyo maana daktari mwenye mgonjwa wa uti wa mgongo akiona jozi za duara za zambarau anaelekea upande mmoja, na akiona jozi nyekundu zimejaa ndani ya chembe nyeupe za damu anaelekea upande mwingine, saa chache kabla maabara haijapata jibu kamili. Kwa mtoto aliyekakamaa shingo saa nane usiku, saa hizo ni muhimu kuliko jina kamili la kidudu.

Lakini rangi ya Gram haimjui Salmonella. Akionekana, ni kijiti chekundu. E. coli asiyemdhuru mtu tumboni mwake naye ni kijiti chekundu. Na kadhaa wengine pia. Ili kumtambua ni lazima damu ya mgonjwa, mililita kadhaa, iingizwe kwenye chupa ya chakula cha bakteria kabla hajaanza dawa, isubiriwe siku kadhaa, kisha aliyeota ahamishiwe kwenye sahani ambako wanaokula sukari ya maziwa hugeuka waridi, na Salmonella, asiyeila, hubaki hana rangi. Halafu unatazama kama anatoa gesi, kama anageuza hiki na kile. Ni kazi ya siku tatu hadi tano na hugharimu, na hata ikifanywa vizuri huwakosa wagonjwa wengi wa taifodi, karibu wanne katika kila kumi. Katika kaunti zetu hospitali chache ndizo zenye uwezo huo. Siwalaumu wataalamu wa chumba kile kimoja kwa kutofanya wasichoweza. Lawama yangu ni kwa karatasi inayozungumza kwa uhakika ambao kigae hakikuutoa.

Taifodi ipo, asije mtu akadhani nasema ni hadithi. Samuel Kariuki na wenzake wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamefuatilia kwa miaka mingi Salmonella walioshinda dawa moja baada ya nyingine nchini Kenya. Watafiti waliolinganisha mtaa wa Kibera jijini Nairobi na kijiji cha Lwak, Siaya, kando ya Ziwa Victoria, waliona taifodi iliyothibitishwa kwa damu ikiwa nyingi zaidi Kibera, mahali pa maji machache na vyoo vya kugawana. Kule Lwak Salmonella wa aina nyingine, wale wanaoshambulia hasa watoto wenye malaria au watu wenye kinga dhaifu, ndio waliokuwa wakitamba. Julai 2025 Kenya ilianza kutoa chanjo ya taifodi kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Ugonjwa upo. Ila hauko kwenye kila bahasha.

Basi hizi homa zetu ni za nini? Jibu bora ninalolijua limetoka Moshi, Tanzania. Kati ya mwaka 2007 na 2008 wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi walichunguzwa kwa kila njia iliyowezekana. Madaktari walikuwa wamewaandikia 528 kuwa na malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Baadhi ya waliobaki walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, na zaidi ya robo ya waliopimwa walikuwa na bakteria wanaotoka kwa wanyama: leptospira wa mkojo wa panya na ng'ombe, homa ya Q, homa za kupe, na brusela kidogo. Madaktari hawakuwa wamewaandikia magonjwa hayo, kwa sababu hakuna aliyewapima. Tena wengi wa bakteria hao hawapatikani kwa rangi ya Gram. Leptospira ni mwembamba mno, rangi haimshiki vya kuonekana. Wale wa homa za kupe hujificha ndani ya chembe za mwili. Kigae nacho hakina chupa yao. Kwa hiyo wanaitwa taifodi.

Kuna mmoja ambaye rangi inamwona vizuri na sisi tumeacha kumtazama. Mwaka 1905 Robert Koch, aliyekwisha kuwa mtu mashuhuri duniani, alikuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani akichunguza homa iliyokuwa ikiwapiga wasafiri wa misafara, inashika siku chache, inaachia, inarudi. Aliwatafuta papasi kwenye sakafu za vibanda vya mapumziko vya njia za misafara, akawapasua, akakuta ndani yao, na ndani ya mayai yao, bakteria wenye umbo la mzunguko. Homa ya papasi ingali ipo Afrika Mashariki. Kwenye slaidi ya damu iliyotiwa rangi kwa ajili ya malaria, bakteria huyo anaonekana waziwazi katikati ya chembe nyekundu. Lakini kile kipimo cha haraka cha malaria, kile kijiboksi cha mistari miwili, hakimwoni. Kila slaidi inayoachwa kwa sababu kijiboksi ni rahisi inaondoka na nafasi ya kumwona.

Koch ndiye pia aliyeweka masharti ya kumhukumu bakteria. Apatikane kwa kila mwenye ugonjwa. Akuzwe peke yake nje ya mwili. Akiingizwa kwa mnyama mzima, amletee ugonjwa ule ule. Kisha apatikane tena kwa mnyama huyo. Masharti haya yalitungwa Berlin miaka ya 1880, Koch akiwa ametoka kutangaza bakteria wa kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882, na hayajawahi kutimia sawasawa kwa kila ugonjwa. Mwaka 1892 Max von Pettenkofer wa Munich, aliyekataa kuamini kwamba kidudu peke yake ndicho chanzo cha kipindupindu, alikunywa kikombe cha bakteria wa kipindupindu na akaendesha kidogo tu. Bakteria walikuwa wa kweli, na ugonjwa ni wa kweli; lakini kuwa na kidudu na kuugua kidudu ni mambo mawili.

Hilo ndilo linalotufaa kwa ugonjwa mpya wa njiapandani, H. pylori. Naam, siku hizi karatasi inakuja na mstari wake pia. Barry Marshall wa Australia alimnywa bakteria huyu mwaka 1984 ili kuthibitisha kwamba ndiye anayeleta uvimbe wa tumbo, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini watu wazima wengi wa Afrika wanaye tumboni tangu utotoni, na wengi wao hawatapata vidonda maishani. Kipimo cha damu kinachosema "ana kingamwili za H. pylori" mjini Kamukuywa kinasema karibu kitu kile kile kama kingesema "amezaliwa hapa". Mtu akiwa na kiungulia, dawa kali tatu kwa wiki mbili hazifuati hapo moja kwa moja.

Mahali ambapo rangi imetutumikia vizuri kuliko popote ni kifua kikuu. Bakteria wake ana ukuta wa nta. Zambarau ya Gram haimwingii sawasawa. Franz Ziehl na Friedrich Neelsen, baada ya Paul Ehrlich kufungua njia, walipata njia ya kumtia rangi: rangi nyekundu inayopashwa moto hadi itoe mvuke ili ipenye nta, kisha asidi inayowaosha wote isipokuwa yeye, halafu buluu ya kuwafunika wengine. Unatazama makohozi ya buluu, na ndani yake vijiti vyekundu vimelala. Akionekana hivyo kwa mtu anayekohoa wiki tatu na kupungua uzito, mabishano yamekwisha. Kasoro ni kwamba lazima wawe wengi, bakteria 5,000 hadi 10,000 kwa kila mililita ya makohozi, ndipo macho yawapate. Mtoto na mtu mwenye Ukimwi mara nyingi hawafikii. Kwa ajili hiyo WHO iliidhinisha mwaka 2010 mashine ya GeneXpert, inayosoma chembe za urithi za bakteria kwa muda wa saa mbili na kueleza pia kama rifampisini bado inamuua.

Na kuna deni ambalo dunia inalo kwetu hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki majaribio yaliyoendeshwa na watafiti wa Afrika Mashariki na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, wakitoa makohozi yao yatiwe rangi na kukuzwa mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yalionyesha kwamba tiba ya miezi 6 inaweza kufanya kazi iliyokuwa ikichukua 18. Kila mgonjwa wa kifua kikuu anayemaliza dawa baada ya nusu mwaka leo, Mumbai au London, anafuata njia iliyothibitishwa kwa makohozi ya watu wetu. Nchini Kenya, dawa hizo na vipimo vyake ni bure katika vituo vya serikali.

Kuhusu brusela, suluhisho halihitaji mashine. Kipimo kinachoitwa Rose Bengal kinatumia kigae kile kile, tone lile lile la maji ya damu, na bakteria waliotiwa rangi ya waridi na kuwekwa kwenye asidi inayozuia kingamwili zisizohusika kugandanisha. Majibu hutoka kwa dakika chache. Uchambuzi wa gharama uliofanywa katika hospitali za Kenya na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kukitumia badala ya chupa za zamani kunaokoa fedha nyingi, kwa sababu hununui wiki sita za dawa kwa mtu asiyeumwa. Mgonjwa anaweza kuuliza akiwa bado kwenye benchi: brusela hii mmeipima kwa Rose Bengal au kwa chupa za kawaida? Taifodi hii ni ya Widal au ya damu iliyokuzwa? Mtaalamu mzuri hakasiriki akiulizwa hivyo. Na akijibu kwamba ni Widal, mara moja tu, 1:160, na mgonjwa ana kikohozi cha mwezi mzima, basi makohozi ndiyo yanayotakiwa kwenda maabarani kabla ya bahasha ya vidonge.